Kusuka Upya Koili ya Solenoidi Iliyoungua katika Mitambo ya Zamani

Mitambo mingi iliyoundwa miongo kadhaa iliyopita bado inafanya kazi vizuri, lakini solenoidi zake, yaani sumaku za umeme zinazovuta kijiti cha chuma kiitwacho plunja, hazitengenezwi tena, na zinazopatikana mara nyingi hazilingani na mashine kwa volti, kwa urefu wa mwendo wa plunja au kwa matundu ya kufungia. Koili yenyewe ni waya wa shaba uliozungushwa kwenye bobini, yaani kibebeo chake chenye kuta mbili. Fundi mwenye mikromita, mizani ndogo na subira anaweza kuisuka upya ikawa sawa na ya kiwandani, na wakati mwingine ikaipita, kwa kuwa enameli za sasa, yaani ngozi nyembamba ya kuhami inayopakwa kwenye waya, hustahimili joto kuliko pamba na vanishi zilizotumika zamani. Kazi hii huharibika mwanzoni zaidi kuliko mwishoni. Koili iliyoungua ndiyo kumbukumbu pekee iliyobaki ya hesabu za aliyeibuni, na anayeikata na kuitupa kabla ya kuipima hubaki akibahatisha kila hatua inayofuata.

Tafuta kwanza kilichoiunguza

Zima umeme, funga swichi kuu kwa kufuli, na uhakikishe kwa kipimo kwamba hakuna volti kwenye vituo vya koili. Ikiwa solenoidi inaendesha breki ya winchi au ya kreni, teremsha mzigo hadi chini kabla ya kufungua skrubu yoyote. Ikiwa inaendesha valvu ya haidroli, toa kwanza shinikizo lote lililobaki ndani ya mabomba.

Koili ya AC (umeme wa mkondo geu) haiungui kwa uzee mara nyingi kama inavyodhaniwa. Plunja ikiwa nje, mwanya mkubwa wa hewa hupunguza uwezo wa koili kuuzuia mkondo, na mkondo huwa mkubwa mara kadhaa kuliko ule unaobaki baada ya plunja kuingia na kukaa sawasawa. Koili imebuniwa kuvumilia mkondo huo mkubwa kwa sehemu ya sekunde tu. Kwa hiyo plunja iliyokwama kwa uchafu, njia yake iliyolika upande mmoja, springi iliyobadilishwa kwa nyingine ngumu zaidi, au volti zilizoshuka kiasi cha plunja kushindwa kufika mwisho wa mwendo wake, yote haya huichoma koili nzima kabisa ndani ya muda mfupi. Katika valvu ya haidroli yenye solenoidi mbili zinazosukumana, hitilafu ya kontakta (swichi ya umeme) inayoziwasha zote mbili kwa pamoja huacha moja ikiwa haijafunga, na ni hiyo itakayoungua. Ukisuka koili bila kuondoa sababu ya namna hii, utaisuka tena.

Angalia pia pete ndogo ya shaba iliyopachikwa kwenye uso wa chuma mahali plunja inapokutana na kiini. Katika umeme wa hezi 50, mkondo hupita kwenye sifuri mara 100 kila sekunde, na kazi ya pete hiyo ni kuchelewesha sehemu ya sumaku ili plunja isiachiliwe katika nyakati hizo. Pete iliyopasuka hujulikana kwa mngurumo na mtetemo wa plunja, ambao hula nyuso za chuma, hufungua mwanya na kuongeza joto. Pete ya namna hiyo ilehemiwe kwa fedha au ibadilishwe; lehemu laini ya bati haifai mahali penye mtetemo na joto kama hapo.

Koili ya DC (umeme wa mkondo wa upande mmoja) ina tabia nyingine. Mkondo wake huwekewa mpaka na ukinzani wa waya peke yake, kwa hiyo plunja iliyokwama haiichomi. Huungua zaidi kwa kuachwa imewashwa muda mrefu kuliko ilivyopangiwa, na ndiyo maana ni muhimu kusoma kibao chake: alama ya ED ikifuatwa na asilimia 25 au 40 inamaanisha kwamba koili inaruhusiwa kuwa na umeme kwa sehemu hiyo tu ya kila mzunguko wa kazi. Baadhi ya solenoidi kubwa za DC zina koili mbili kwenye bobini moja, moja ya waya mnene wa kuvuta na nyingine ya waya mwembamba wa kushikilia, pamoja na swichi ndogo inayoikata ile ya kuvuta plunja inapofika mwisho. Swichi hiyo ikigandana, koili ya waya mnene huungua, na mtu asiyeijua huilaumu koili.

Zipo koili ambazo hazifai kusukwa upya kwenye benchi la kawaida. Koili iliyomiminiwa gundi ngumu ya plastiki pamoja na nyumba yake haifunguki bila kuvunjika, na koili ya mahali penye gesi au vumbi linaloweza kulipuka inategemea idhini ambayo hufutika mara tu inapofunguliwa. Hizo zibadilishwe.

Kuisoma koili ya zamani

Piga picha za koili kutoka kila upande kabla ya kuitoa. Andika mahali waya wa mwanzo unapotokea, mahali wa mwisho unapotokea, na upande waya ulikozungushiwa, hasa kama koili imeunganishwa na nyingine, kwa sababu koili mbili za kiini kimoja zikisukwa kinyume huuana nguvu. Nakili kila kilichoandikwa kwenye kibao: volti, hezi, ED, wati. Kibao cha 205 V DC au 103 V DC kisikushangaze. Rektifaya (kifaa kinachogeuza AC kuwa DC) ya mawimbi yote bila kapasita hutoa wastani wa mara 0.9 ya volti za AC, na ya nusu wimbi hutoa mara 0.45, kwa hiyo namba hizo zinatokana na umeme wa 230 V.

Vaa barakoa na glavu. Vihami vya mitambo ya zamani huweza kuwa na asbesto, kwa hiyo utepe mweupe wa nyuzinyuzi usiojulikana ulowanishwe kabla ya kuguswa na usikwanguliwe ukiwa mkavu. Usichome koili kwa moto wa wazi ili kulainisha vanishi, maana moshi wake ni sumu. Na ukiilainisha kwa joto, tumia oveni iliyo nje ya chumba cha kazi.

Fungua tabaka za juu kwa mkono na uhesabu. Ikiwa waya unafunguka bila kukatika, weka bobini kwenye mhimili wenye kaunta na uendelee hadi mwisho, kwani hesabu halisi inashinda kanuni zote. Mara nyingi, hata hivyo, utakuta bonge jeusi lililogandamana. Hapo kata koili upande mmoja kwa msumeno wa chuma, piga msasa uso uliokatwa hadi ncha za nyaya zing'ae, kisha hesabu kwa lenzi: idadi ya nyaya katika tabaka moja, na idadi ya tabaka. Ukizidisha unapata mizunguko kwa kosa dogo, ilimradi uchague upande ambao tabaka hazikuporomoka.

Kipenyo cha waya kipimwe kwenye shaba tupu. Chukua kipande kutoka tabaka la ndani au la nje ambalo halikuyeyuka, kipashe joto kidogo, futa enameli kwa kitambaa bila kukwangua, na upime kwa mikromita sehemu kadhaa. Kalipa ya kawaida haitoshi hapa, kwa sababu tofauti ya mm 0.02 kwenye waya wa mm 0.25 hubadilisha eneo la mkato kwa takriban asilimia 16. Kama michoro ya mashine inataja namba ya waya, hakikisha ni ya mfumo gani: waya wa 30 AWG (mfumo wa Kimarekani) una kipenyo cha mm 0.255, ilhali 30 SWG (mfumo wa Kiingereza) ni mm 0.315, na unaolingana na ule wa kwanza katika mfumo wa SWG ni namba 33.

Mizani hutoa ushahidi wa pili. Pima uzito wa shaba yote baada ya kuondoa vihami, kisha pima bobini ili upate urefu wa wastani wa mzunguko mmoja, yaani wastani wa mzingo wa tabaka la ndani kabisa na wa tabaka la nje kabisa. Shaba ina uzito wa gramu 8.96 kwa sentimita moja ya ujazo, kwa hiyo waya wa mm 0.25 una gramu 0.44 kwa mita. Tuseme umepata gramu 114 na mzunguko wa wastani wa mm 110. Gramu 114 ukigawa kwa 0.44 ni mita 259, na mita 259 ukigawa kwa 0.11 ni mizunguko 2,355. Enameli iliyosalia huongeza uzito kidogo, hivyo jibu hili lichukuliwe kuwa limezidi kwa asilimia chache endapo waya haukusafishwa.

Hesabu za kuhakikisha

Kwa koili ya AC upo ushahidi wa tatu ndani ya chuma chenyewe. Idadi ya mizunguko ni volti zikigawanywa kwa zao la 4.44, hezi, eneo la mkato wa kiini kwa mita za mraba, na msongamano wa sumaku kwa tesla. Solenoidi nyingi za AC hufanya kazi katika tesla 1 hadi 1.2. Kiini cha mm 20 kwa mm 20 kwenye 230 V na hezi 50, ukichukua tesla 1.1, kinadai mizunguko 2,355 hivi, jambo linalolingana na uzito tuliopima. Majibu matatu yakikaribiana, endelea kwa utulivu. Yakitofautiana kwa zaidi ya moja ya kumi, kuna kitu kimepimwa vibaya, na hapo si pahali pa kuchukua wastani, rudia vipimo.

Kanuni hiyo inaonyesha pia kwa nini mashine iliyoundwa kwa hezi 60 huunguza koili ikiletwa kwenye hezi 50 kwa volti zilezile: sumaku huongezeka kwa asilimia 20, chuma hujaa, na mkondo hupanda kuliko kiasi hicho. Tiba ni kuongeza mizunguko kwa asilimia 20 na kutumia waya mwembamba kidogo ili yote iingie. Ukibadilisha volti pekee, mizunguko hufuata volti, na eneo la mkato wa waya hubadilika kinyume chake. Kutoka 230 V hadi 115 V ni nusu ya mizunguko na waya wenye eneo maradufu, yaani kipenyo mara 1.41.

Koili ya DC inahitaji kufikiriwa kwa namna ambayo mafundi wengi waliozoea mota huiona ya ajabu. Nguvu ya sumaku hutokana na ampia zikizidishwa kwa mizunguko, lakini kwa volti na bobini ileile, zao hilo huamuliwa na unene wa waya tu. Ukiongeza mizunguko, ukinzani huongezeka kwa kiasi kilekile na mkondo hupungua, na zao hubaki palepale. Chukua koili ya 24 V yenye waya wa mm 0.40 na mzunguko wa wastani wa mm 120: ikiwa baridi itatoa ampia-mizunguko 1,460 hivi, iwe ina mizunguko 1,500 au 3,000. Tofauti iko kwenye joto. Ile ya mizunguko 1,500 hula ampia 0.97 na wati 23. Ya 3,000 hula ampia 0.49 na wati 12. Kwa hiyo fundi aliyeishiwa waya akaacha bobini ikiwa nusu ataona solenoidi ikivuta vizuri siku ya kwanza, na ataipokea tena imeungua.

Kosa la upande wa pili ni kutumia waya mwembamba kwa kuwa ndio uliopo dukani. Waya wa mm 0.35 badala ya 0.40 hupunguza ampia-mizunguko hadi asilimia 77, na kwa kuwa nguvu ya kuvuta hufuata mraba wa zao hilo pale chuma kisipokuwa kimejaa, kinachobaki ni asilimia 59 hivi. Ongeza kwamba ukinzani wa shaba hupanda kwa takriban asilimia 31 joto likitoka nyuzi 20 hadi 100, nawe utaelewa breki inayofunguka vizuri ikiwa baridi na kugoma baada ya saa mbili za kazi. Ukikosa kipenyo kamili, nyaya mbili zinazosukwa pamoja zinaweza kuchukua nafasi ya moja, ilimradi jumla ya maeneo yake ya mkato ilingane na la awali.

Waya mpya uchaguliwe kwa daraja la joto. Daraja A ni nyuzi 105, E ni 120, B ni 130, F ni 155 na H ni 180. Kupanda daraja ni faida ndogo isiyo na hasara, ila slivu (mirija ya kuhami), karatasi na vanishi navyo viwe vya daraja la waya huo, maana koili ina daraja la kihami chake kilicho dhaifu kuliko vyote.

Kusuka

Bobini ya zamani itumike kama haijapasuka wala kugeuka mkaa. Mkaa hupitisha umeme. Ukitengeneza mpya, tumia ubao wa kuhami uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo. Bobini ya chuma au ya shaba nyeupe kwa koili ya AC lazima iwe na ufa kuanzia mwanzo hadi mwisho, la sivyo itakuwa mzunguko mmoja uliofungwa na itachemka. Katika baadhi ya solenoidi za DC, bobini nzima ya shaba nyeupe iliwekwa makusudi ili kupunguza kasi ya plunja, kwa hiyo usiipasue. Kadhalika usitupe kijibati cha shaba nyeupe kilichopo mwisho wa njia ya plunja ya DC. Ndicho kinachozuia plunja kunasa kwa sumaku inayobaki baada ya umeme kukatwa.

Mashine ya kukereza inayozunguka polepole inatosha, ikiwa ina kaunta ya kuaminika. Piga bobini tabaka mbili za karatasi ya kuhami, kona za ndani zikifunikwa vizuri, kwani waya wa kwanza hubanwa na uzito wa tabaka zote zilizo juu yake. Waya mwembamba usitolewe nje ya koili wenyewe. Ulehemu kwenye waya laini wa nyuzi nyingi, kunja kiungo kilale bapa, kivike slivu ya nyuzi za kioo, kifunge kwa utepe wa pamba, na uzungushe waya laini huo nusu mzunguko au mmoja ndani ya koili ili mvuto wa nje usifike kwenye kiungo. Waya wa mwanzo upande kwenye ukuta wa bobini ukiwa ndani ya kihami chake hadi juu kabisa, kwa sababu kati yake na tabaka la mwisho kuna volti zote za koili, na hapo ndipo koili nyingi zilizosukwa vibaya hupasukia.

Baadhi ya enameli huyeyuka zenyewe chini ya chuma cha kulehemu, na moshi wake unachoma mapafu, kwa hiyo pawe na hewa ya kutosha. Enameli za madaraja ya juu haziyeyuki hivyo. Zikwanguliwe kwa msasa laini pande zote za waya.

Mvuto wa waya uwe wa namna moja muda wote. Upitishe kati ya vipande viwili vya manyoya yaliyoshindiliwa, uubane kwa kiasi ambacho hulala bila kulegea lakini haurefuki. Waya uliovutwa ukarefuka huwa mwembamba, na ukinzani wake huzidi hesabu. Laza mizunguko ikigusana, na usiruhusu waya wa tabaka la juu kuteleza kwenye kingo na kuangukia tabaka la chini sana, kwa maana volti kati ya tabaka mbili zinazofuatana upande wa ukingo ni volti za tabaka mbili nzima. Karatasi ya mm 0.05 kila baada ya tabaka chache inatosha kwa koili za 230 V, ikizidi upana wa bobini kidogo ili ipande kwenye kuta zake.

Waya ukikatika katikati, unga kwenye ukingo wa bobini, si katikati ya tabaka, na ufunike kiungo kwa karatasi iliyokunjwa. Ukifika idadi kamili na nafasi imebaki, ijaze kwa karatasi. Ukifika ukuta wa bobini kabla ya idadi kamili, enameli ni nene kuliko ya awali au umesuka ovyo. Usimalizie kwa kupunguza mizunguko.

Vanishi

Pasha koili kwenye oveni kwa nyuzi 100 hadi 110 mpaka unyevu utoke, iache ipoe kidogo, kisha izamishe ndani ya vanishi ya kuhami hadi mapovu yakome kabisa. Mapovu hayo ni hewa iliyokuwa kati ya nyaya, na pasipo vanishi nyaya husuguana kila umeme unapowaka. Iachie ichuruzike, uioke kwa joto na muda ulioandikwa kwenye kopo. Njia ya plunja ifutwe kabla vanishi haijakauka.

Kupima na kuwasha

Pima ukinzani kwanza. Waya wa shaba una omu 0.0219 kwa mita ukigawa kwa mraba wa kipenyo cha milimita, kwa nyuzi 20. Koili yetu ya mita 259 inapaswa kusoma omu 91 hivi. Kipimo hiki hakitaonyesha mizunguko michache iliyogusana, kwa kuwa hupunguza ukinzani kidogo mno, na katika koili ya AC mizunguko hiyo hufanya kazi kama upande wa pili wa transfoma na kuchemka. Zikiwapo koili mbili zilizo sawa, linganisha mkondo wake kwa volti chache za AC ndani ya chuma kilekile. Kihami kati ya waya na chuma kipimwe kwa mega (kipima vihami) ya 500 V. Koili mpya iliyokauka vizuri hutoa makumi ya megaomu na zaidi, na chini ya megaomu 1 irudishwe kwenye oveni.

Kamwe usiwashe koili ya AC ikiwa mezani bila chuma chake. Koili ya omu 91 isiyo na chuma huvuta takriban ampia 2, yaani wati mia kadhaa ndani ya gramu 114 za shaba, na kazi yote itaungua kabla hujapata muda wa kusoma kipimo. Ifunge ndani ya kiini, sukuma plunja hadi mwisho kwa mkono, na uwashe mara ya kwanza kupitia taa iliyounganishwa kwa mfululizo. Taa ikiwaka kwa nguvu, zima. Koili ya DC iwekewe dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) au varista (kifaa kinachopitisha umeme volti zikizidi kiwango) sambamba nayo, kwa sababu umeme unapokatwa koili hutoa volti nyingi kuliko zilizoiendesha, zinazotafuna kontakta na kupasua enameli; dayodi, hata hivyo, huchelewesha plunja kuachia, na kwa breki ya kreni ucheleweshaji huo haukubaliki, kwa hiyo hapo tumia varista.

Baada ya solenoidi kufanya kazi yake ya kawaida kwa saa moja au zaidi, zima na upime ukinzani mara moja kabla haijapoa. Ongezeko la joto hupatikana kwa kugawa ukinzani wa moto kwa wa baridi, kutoa 1, na kuzidisha kwa jumla ya 234.5 na joto la kuanzia. Koili iliyokuwa omu 91 kwa nyuzi 25 na sasa inasoma omu 118 imepanda nyuzi 77, yaani wastani wake ni nyuzi 102, na katikati yake ni moto zaidi ya hapo. Kwa waya na vanishi za daraja F hali hiyo haina tatizo. Kwa daraja A imeshafika mpaka, na inafaa kufungua tena kifuniko na kukagua kama plunja inafika mwisho wa mwendo wake, kama springi ni ile ya awali, na kama volti zinazofika kwenye vituo ni zile zilizoandikwa kwenye kibao.